Tunamlilia Nani?

Nyie vijana mnaotembea na simu imesimama kwenye kijiti, mkiniona napita msinikimbilie kunihoji. Nimeshakataa mara nyingi na nitaendelea kukataa. Kuandika nitaandika, maana mtu akitaka kusoma inabidi atulie kidogo, na haya ninayotaka kuwaambia hayataki mtu aliyesimama mguu mmoja.

Naitwa Mama Neema. Kwa miaka mingi nilisoma matangazo ya vifo kwenye redio moja ndogo pale Kahama. Si taarifa ya habari, si salamu, si mpira. Vifo. Mchana baada ya chakula na jioni kabla ya taarifa ya habari. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, ila sauti yangu iligeuka balaa mjini. Naingia dukani naomba sukari, muuzaji anashika kifua: "Mungu wangu, nani tena?" Binti wa shemeji yangu alipoolewa nilijitolea kuwa mshereheshaji. Wakaja wazee wa upande wa bwana harusi, kwa heshima zote, wakaniomba nikae meza ya mbele nile pilau na kipaza sauti nisikiguse. Nikakubali. Pilau yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Aliyenifundisha ni Mzee Lutonja, Msukuma wa Shinyanga vijijini, mrefu, mkali, mvuta ugoro. Kiswahili chake kilikuwa na tatizo moja tu, herufi r ilimshinda kabisa. Kuna mwaka alipewa kusoma tangazo la uchaguzi, akakaza sauti: "Wananchi wote mnaombwa kufika shuleni Jumapili mapema. Kila mtu ana haki ya kula, na kula yako ni sili." Jumapili ile watu walifurika. Mama mmoja alikuja na sahani kaifunga kwenye khanga, na watoto wake wote nyuma. Msimamizi alipolalamika, Mzee Lutonja akamjibu, "Ulitaka watu, watu si hao?" Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Lakini kwenye vifo hakuna aliyemfikia. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jina la marehemu linakuja mwisho. Unaanza na mahali: tangazo hili linatoka Bugarama. Unamtaja anayelitoa, unataja ukoo, unawataja ndugu mmoja mmoja na wanakoishi, wa Ushetu, wa Geita, wa Buzwagi. Unasoma taratibu. Halafu ndiyo unasema, wanasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao mpendwa, unameza mate, unataja jina. Nilipomuuliza kwa nini mzunguko wote huo, akaniangalia kama nimemtukana. "Huko Ushetu kuna mama anasonga ugali," akasema. "Akisikia mahali anasimamisha mwiko. Akisikia ukoo wake anaipua chungu. Akisikia jina lake mwenyewe kati ya ndugu anakaa chini. Ndipo umwambie. Unataka aanguke juu ya moto?"

Tulipata kijana mmoja msomaji aliyeona huo ni ushamba. Akaanza na jina, tena kwa sauti ya kutangaza goli. Siku hiyo mzee mmoja alikuwa anaendesha baiskeli, redio ameitundika kwenye usukani kama ilivyo kawaida ya huku kwetu, akasikia jina la mdogo wake ghafla. Akaingia mtaroni na baiskeli, redio na debe la mafuta ya taa, mfupa wa bega ukavunjika. Mzee Lutonja hakumgombeza kijana. Alimchukua mpaka wodini, akamsimamisha mbele ya kitanda, akamwambia, "Msalimie mtu wako."

Na kulikuwa na swali ambalo kila mleta tangazo lazima aulizwe. Umemuona kwa macho yako? Akisema nimeambiwa, Mzee anamrudisha: basi aje huyo aliyekuambia. Watu walituchukia. Mtu ana msiba, wewe unamzungusha! Lakini mkimwona mchimbaji wa madini anavyoishi, mtaelewa. Machimboni jina la nyumbani hakuna anayelijua. Mtu anaitwa Singida, anaitwa Kiberiti, anaitwa Bado Mdogo na ana mvi. Wako akina Singida hata watano kwenye kambi moja. Tulikuwa tunahangaika kweli mpaka tujue ni Singida yupi, wa mama gani, wa kijiji gani. Niliwahi kusoma, "Marehemu alijulikana zaidi kwa jina la Hafi Leo." Nilisoma bila kucheka, na nilipomaliza nikafunga kipaza sauti nikatoka nje kushika ukuta. Mjane wake alikuja baadaye kunishukuru kwa kusoma vizuri.

Halafu zikaja simu zenu. Sitawadanganya kwamba kila kitu kiliharibika. Jirani yangu mmoja ni kiziwi tangu utoto, redio kwake ilikuwa boksi tu la kuwekea vitambaa. Video zilipokuja alianza kutushinda sisi kwa habari. Anakuja na simu yake, anatuonyesha mafuriko, anatuonyesha bei za tumbaku, anatuonyesha diwani akiahidi daraja, na akimkuta diwani barabarani anamfuata na ile ahadi mkononi. Hilo redio yetu haikuwahi kumfanyia. Matangazo ya vifo yakapungua, mwishowe tukawa tunasoma yale ya vizee tu, ambao ndugu zao pia ni vizee. Nikastaafu. Sikuaga hewani, maana ningeaga mimi watu wangedhani nimekufa.

Sasa niwaambie kilichonifanya nishike kalamu.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Kulwa, muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pale karibu na stendi. Alizaa mapacha, na Wasukuma hatuhangaiki kutafuta majina ya mapacha: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Walifanana mpaka wakubwa. Mama yao alikuwa anawatofautisha kwa kovu dogo lililo chini ya kidevu cha Kulwa. Kulwa alikuwa mchimbaji, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo upande wa Bugarama, na ndiye aliyemwezekea mama yake bati. Doto alioa mapema akahamia Ushetu kulima tumbaku, akawa mtu wa kuja kwa msimu. Mama yao aliwapenda wote. Lakini Kulwa ndiye aliyekuwa anamuona mara kwa mara.

Masika ya mwaka juzi, duara moja likaporomoka mchana kweupe. Watu wakafukua. Kijana mmoja, Masunga, alikuwepo na simu yake. Masunga namfahamu vizuri sana, alikuja redioni miaka yangu ya mwisho kujifunza, mpole, ana bidii, akaondoka kuanzisha ukurasa wake wa video. Akawapiga picha waliotolewa. Video yake ilianza na uso. Mtu amelazwa kwenye turubai, tope mpaka kwenye kope, jezi ya njano, macho yamefumba. Chini akaandika: Anayemfahamu kijana huyu atoe taarifa.

Mama Kulwa hana simu ya kuonyesha picha, ana kitochi tu. Alikuwa amekaa na beseni la michembe magotini, akaja mteja, binti wa watu asiye na ubaya wowote, akamwinamia: "Mama, samahani, hebu angalia. Huyu si mwanao?" Akamsogezea simu usoni.

Wanasema aliangalia, akalitua beseni chini vizuri, akaanza kutembea kuja nyumbani. Alipofika kona ya kwetu ndipo akapiga ukunga. Nilitoka mbio na unga mikononi.

Wanawake wakajaa uani. Kwetu ukilia msiba unamwita marehemu kwa jina, unamwambia alivyokuwa, unamuuliza anamwachia nani mji. Mama Kulwa akawa analia, "Mwanangu! Mwanangu wee!" na jina haliji. Wenzake wanasubiri jina wamfuatishe, haliji. Mmoja akanivuta pembeni: "Mama Neema, tunamlilia nani?" Nikasema sijui. Maisha yangu yote nimetangaza vifo, sikuwahi kukaa kwenye msiba usio na jina.

Uso ulikuwa wa wote wawili. Kidevu kilijaa tope, kovu lisingeonekana hata ungekuwa na macho ya mwewe. Nilipiga simu ya Kulwa, haipatikani. Ya Doto, haipatikani, ila hiyo ni kawaida, kule kwenye mabani ya kukaushia tumbaku wakati mwingine hakuna hata pa kuchajia. Mama Kulwa akanishika mkono, kucha zikanizama. "Mama Neema, nikimwomba Mungu Kulwa awe mzima, si namwambia achukue Doto? Nikimwombea Doto..." Nikamwambia, "Usiombe kitu, mwenzangu. Nyamaza usiombe kitu." Sijui nilikuwa nasema nini.

Nikampigia Masunga. "Shikamoo bibi," akanijibu, kwa nyuma kelele za watu.

"Marahaba. Huyo mwenye jezi ya njano ni nani?"

"Bibi, kwenye maoni wameshamtambua. Anaitwa Doto. Kuna watu wengi wamesema walimuona jana stendi na hiyo jezi."

"Umemuuliza nani pale pale machimboni?"

"Hapa watu wamechanganyikiwa, bibi. Na hapa wanaitana kwa majina ya utani tu. Lakini mtandaoni wameandika zaidi ya mia, wote wanasema Doto."

Watu mia waliomuona kwenye simu! Nilitaka kupita kwenye ile waya nimkamate shingo, ila hata waya siku hizi hakuna. Kumbe kweli Doto alikuwa mjini jana yake, akapitia machimboni kumsalimia nduguye, akamwachia jezi. Nani asiyejua mapacha wanavyovaliana? Lakini hilo tulikuja kulijua baadaye.

Neno likaingia uani kabla sijakata simu, maana kila mwanamke alikuwa na mtoto mwenye simu. Ni Doto, ni Doto. Kilio kikapata jina. Wakamlilia Doto, na mama yake akamlilia Doto, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Alasiri akauliza, "Na Kulwa yuko wapi?" Mzee mmoja, kwa kutaka tu kumtuliza, akamjibu kwamba Kulwa bila shaka yuko huko na mwili wa nduguye, atakuja nao. Hapo Mama Kulwa akapiga magoti, akanyanyua mikono, akasema kwa Kisukuma: Asante Mungu, umeniachia Kulwa wangu.

Nilikuwa nimemshika bega. Nililisikia neno lenyewe, na nilijua litakufa pale pale uani. Maneno ya mama aliyefiwa hayarudiwi kwetu. Nimehudhuria misiba ambayo watu wamesema makubwa kuliko hayo, wamemtukana marehemu, wamemtukana Mungu, na machozi yakikauka hakuna anayekumbusha.

Nilipogeuka nikamuona Masunga mlangoni na kijiti chake. Alikuja moja kwa moja kutoka machimboni. Alikuwa analia na yeye, msinielewe vibaya, machozi yanamtiririka na simu imenyooka. Nilimfukuza na mwiko mpaka barabarani. Lakini alikuwa hewani, inakwenda pale pale watu wanaona. Baadaye akaiweka tena vizuri, na kwa kuwa mama alisema Kisukuma, Masunga akaandika Kiswahili chini ya picha ili na watu wa Dar waelewe.

Jua halijazama simu yangu ikaita, namba siijui.

"Shikamoo Mama Neema. Mimi Doto."

Nilikaa chini pale pale kwenye kokoto.

"Mimi ni mzima, mama. Niko huku mabanini. Wamekuja kunionyesha simu, nimejiona nimekufa." Nikamsikia anavuta pumzi. "Sasa kama si mimi..."

"Ongea na mama yako, baba. Ngoja nimpelekee simu."

"Hapana. Mwambie wewe. Nimeona anavyoshukuru. Mwambie ni Kulwa. Mwambie Doto anasema samahani."

Samahani! Samahani ya kuwa hai. Nimepokea matangazo ya watu wasiohesabika, hakuna lililonivunja kama hilo.

Nilimtoa Mama Kulwa katikati ya watu, nikampeleka chumbani, nikamkalisha kitandani. Nikaanza mbali kadiri nilivyoweza: imepigwa simu kutoka Ushetu, imepigwa kutoka mabanini, aliyepiga ni mwanao. Nilipofika hapo akawa ameshaelewa. Nikajua atapiga kelele, nikajiandaa kumshika. Hakupiga. Akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: "Amesikia?"

Uani kule wanawake walikuwa bado wanamlilia Doto. Ikabidi nitoke niwaambie wabadilishe jina.

Doto alikuja, akachimba kaburi, akabeba jeneza, akapokea watu kama inavyompasa mwanaume wa mji. Alimwamkia mama yake kila asubuhi: shikamoo mama, marahaba. Matanga yalipoanuliwa akarudi Ushetu. Hakuna aliyeyagusa yale maneno.

Masunga naye alikuja, akapiga magoti mbele ya yule mama, analia kama mtoto. Akasema ameshaifuta. Mama Kulwa akamwambia, "Nyanyuka, mwanangu. Wewe hukunitia maneno mdomoni. Maneno ni yangu." Ningekuwa mimi ningemzaba kofi kwanza, ndipo tuongee. Lakini mfiwa hakuwa mimi.

Na kufuta nako kumbe hakufuti. Wengine walikuwa wameshaichukua. Wakaikata, wakabakisha sauti na yale maandishi ya Kiswahili tu: Asante Mungu, umeniachia Kulwa wangu. Kijana wa Mwanza huko akaiwekea ngoma. Sasa mtu akibakiza kipande cha mwisho cha nyama kwenye sahani anajirekodi, anainua mikono, sauti ya Mama Kulwa inamshukuru Mungu. Timu ikibakiza mchezaji mmoja mzuri, ile ile. Wanacheka, na wala siwalaumu wote, hawajui kilio kile kilikuwa cha nani. Ndiyo ninachowaambia, nyie mliozaliwa na simu mkononi. Mimi nilipotangaza kifo, tangazo liliwafuata wenye msiba, likaisha. Lenu linamfuata kila mtu, haliishi, na wenye msiba wanakutana nalo njiani kama wapita njia wengine. Doto amelisikia stendi. Amelisikia kwa kinyozi. Aliniambia mwenyewe, kinyozi alicheka mpaka akasimamisha mashine.

Mavuno haya alikuja na gunia la mahindi kwenye pikipiki. Kwa kuhudumia hajawahi kukosa, kila kitu analeta. Mimi nilikuwa pale uani tunapepeta na mama yake. Akaamkia, akaketi kwenye kigogo. Tukaongea mvua, tukaongea tumbaku. Halafu akasema, akiwa anaangalia mikono yake:

"Mama, tangu tuzike hujawahi kuniita jina langu. Unaniita baba, unaniita mwanangu, unaniita wewe."

Mama Kulwa hakuacha kupepeta. "Nimeshalililia jina hilo, baba. Nimelizika kwa mdomo wangu, watu wote wamenisikia. Sasa halitoki."

"Basi niite Kulwa," Doto akasema. Hakusema kwa hasira. "Niite Kulwa, mama. Nitaitika."

Ungo ukasimama. Mama Kulwa akamwangalia mwanawe kwa muda, akafungua mdomo, na mimi nikaomba, safari hii niliomba kweli, litoke jina, lolote lile. Upande wa pili wa ukuta watoto wa jirani walikuwa wanachezea simu. Sauti ile ya mama ikapita juu ya ukuta na ngoma yake nyuma, ikishukuru.

Doto hakungoja litoke, akainuka kwenda kushusha gunia.